Michembe ya Dhiki Kuu

Kuna dada mmoja hapa mtaani kwetu Kitete anachemsha michembe na karanga kila asubuhi, anawauzia wanaokwenda kutazama wagonjwa hospitali. Harufu yake inaingia chumbani kwangu kabla jua halijatoka. Watu wanasema ni harufu nzuri, na kweli ni nzuri, mimi nimekulia humo humo. Lakini ikinikuta sijaamka sawasawa uso unaniwaka moto kama mtoto aliyekamatwa. Bibi mzima, meno yenyewe yamebaki ya kuombea mkate, naona haya mbele ya sufuria ya mtu.

Juzi juzi mjukuu wangu alikuja na simu yake. "Bibi, hebu wasikilize hawa." Walikuwa wahubiri wawili wanabishana. Mmoja anasema Bwana atawanyakua watu wake kabla ya dhiki kuu, hawataionja. Mwenzake anasema hapana, kanisa litapita kwanza humo humo ndani ya dhiki, ndipo linyakuliwe. Wanakatana maneno kama madalali wa ng'ombe mnadani. Mjukuu akanigeukia, "Bibi, wewe uko upande gani?" Nikamwambia nakwenda msalani. Nilikaa huko mpaka simu yake ikazima.

Basi nyie wenzangu, mliokula michembe kwa njaa na si kwa hamu, nyie ndio nawaandikia. Shule mimi nilifika darasa la tatu, kwa hiyo anayetafuta mafundisho hapa hatayapata. Mimi nasema niliyoyaona.

Kwetu ni kijijini, kandokando ya reli, ukitoka Tura unaelekea Tabora. Njia ya zamani ya misafara ilipita hapo hapo kabla ya reli, na wazee wetu wengi walikuwa wapagazi, walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Chakula chao cha njiani kilikuwa michembe. Kwa wasiojua: kiazi kitamu unakimenya, unakikata vipande, unakianika juu ya jabali mpaka kinakauka kama gome. Ukikichemsha kwanza ndipo ukakianika, hayo ni matobolwa, mengine kabisa, matamu zaidi, na mtu asikudanganye kwamba ni kitu kimoja. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Kigoma, alikufa hajui tofauti. Kikikauka hivyo kiazi kinakaa kwenye kihenge, ghala letu la fito na tope, mwaka mzima na wadudu hawakisumbui sana. Kila mwaka wakati wa kiangazi wanawake walikaa nyuma ya kanisa kwenye jabali kubwa, wanamenya, wanakata, wanasengenya, na jabali lote linakuwa jeupe.

Kanisa letu lilikuwa la tope na nyasi, na mchungaji alikuja kwa treni mara chache sana. Asipokuwepo, tuliongozwa na watu wawili. Mmoja ni mwinjilisti, tumwite Yeremia, kijana mwenye sauti na koti la kuhubiria. Wa pili ni mzee wa kanisa, mume wa mama mkubwa wangu Tabitha, kwa hiyo kwangu mimi ni baba mkubwa. Mama mkubwa Tabitha na mama yangu Debora walikuwa wa tumbo moja, nyumba zao zilitengwa na shamba la mihogo tu. Baba yangu alikuwa amefariki, nikabaki mimi mkubwa, Samweli ananifuata, na Neema wa mgongoni.

Sijui nani alianza. Ninachokumbuka ni Jumapili moja Yeremia amehubiri unyakuo mpaka watu wanalia kwa furaha: Bwana anakuja, wake wanapaa, na waliobaki ndio watakaokiona cha moto, njaa itakayokuja haijawahi kuonekana. Baba mkubwa akasimama, hakungoja hata wimbo.

"Mwinjilisti, unawadanganya watu. Kanisa litaipita dhiki. Babu zetu hawakuanza safari ya pwani bila posho. Na sisi tuweke posho."

Yeremia akacheka. "Mzee, anayepaa habebi posho."

Watu wakacheka. Baba mkubwa hakucheka. Kuanzia hapo tukawa makanisa mawili ndani ya ukuta mmoja, wa Kabla na wa Baada. Na kwa kuwa wengi wetu hatukujua kusoma vizuri, hatukuweza kubishana kwa vifungu, tukabishana kwa viazi. Mwanamke aliyeonekana jabalini na kisu ameshajulikana, huyo ni wa Baada. Anayepita na mikono mitupu anaimba, huyo ni wa Kabla, imani yake imekamilika. Mama yangu alikuwa wa Kabla. Mwaka huo viazi vyake alivyovichimba tulivila vibichi, tukala vya kuchoma, tukagawa, tukauza kidogo, na vilivyobaki akawapa nguruwe wa watu. Hakuanika hata kimoja.

Mama mkubwa alimwita kutoka jabalini. "Debora! Njoo nikusaidie kukata, shamba lako lote linaoza."

"Dada, wewe endelea. Mimi nikianika nitakuwa nimemwambia Bwana kwamba simwamini."

"Na watoto je?"

"Watoto watakuwa naye."

Sisi watoto tulipenda sana ugomvi ule. Watoto wa Baada tuliwaimbia, "Tafuna, tafuna, mpinga Kristo akukute unatafuna!" Wao wanajibu, "Paeni basi, paeni! Mbona mnakanyaga chini?" Nilijivuna. Nilikuwa natembea kwa vidole vya miguu, nimejizoeza, ili siku ile nisichelewe kunyanyuka.

Mvua ya mwaka uliofuata ilinyesha kidogo ikakata. Mahindi yalifika magotini yakasimama. Uyoga haukuota, na mihogo ilisimama miti mitupu, chini haina kitu. Tulikula mlenda bila ugali, tukala mizizi ambayo mama alikuwa anaijua na asiyoijua. Neema alianza kuvimba miguu. Na ng'ambo ya shamba la mihogo kulikuwa na vihenge vya wa Baada vimejaa, vimezibwa juu kwa tope na samadi ya ng'ombe, kwa sababu baba mkubwa alikuwa amesema posho ile ni ya dhiki kuu na si ya njaa ya kawaida. Nao walikula kwa kubana, wanachota kidogo wanaziba tena. Lakini walikula.

Mama hakwenda kuomba. Alisema, "Siwezi kwenda kula kutokuamini kwa watu."

Asubuhi moja moto wetu ulizimika, mama akanituma kwa mwinjilisti na kigae nikaombe kaa. Nikafika, mlango uko wazi. Hodi, hodi, kimya. Jivu la jikoni ni baridi. Kuku mmoja anaparura uani. Jembe limelala chini. Na pale kwenye uzio limening'inia koti la kuhubiria, limekaa na mabega yake kama mtu yumo ndani.

Yeremia alikuwa ametufundisha sana jambo hilo. Wawili shambani, mmoja anachukuliwa na mmoja anaachwa. Wanaosaga, mmoja anakwenda na mwenzake anabaki na jiwe lake. Nguo zitabaki, alisema, jembe litabaki. Mimi nikaangalia lile jembe. Njaa ilikuwepo, kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, kwa hiyo dhiki imeshaingia. Kwa hesabu yangu hakukuwa na la kuuliza tena. Nikatupa kigae nikakimbia, na nyumba ya kwanza njiani ilikuwa ya mama mkubwa.

Nilimkuta anaziba ufa kwenye kihenge, mikono imejaa samadi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Unakimbizwa na nani?"

"Mwinjilisti amenyakuliwa. Na mkewe, na watoto wote. Koti limebaki."

"Umesema?"

"Koti limebaki kwenye uzio, mama mkubwa. Na jembe."

Nyie, mama mkubwa wangu alikuwa mwanamke wa miraba minne, anabeba gunia peke yake. Alikaa chini pale pale kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Nikajua, mtoto mdogo vile, kwamba siku zote alipokuwa anakata viazi vyake alikuwa na hofu kwamba mdogo wake ndiye aliye sawa.

"Na mama yako?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mama yupo nyumbani."

"Yupo? Debora naye kaachwa?"

"Nimemwacha anamwogesha Neema."

Akalia. Kisha akainuka, akabomoa mfuniko wa kihenge kwa mikono, lile tope alilokuwa analiziba sasa hivi, akajaza kikapu michembe mpaka ikamwagika. "Mpelekee. Mwambie anisamehe. Mwambie tutaipita pamoja." Akanitwisha. Yeye akatoka mbio kuelekea stesheni, mumewe alikokuwa, khanga moja tu kiunoni, anapiga kelele kwamba Bwana amekuja na ameondoka.

Ya stesheni nilisimuliwa baadaye, na nimesimuliwa mara nyingi mno. Palikuwa na mzee mmoja Mwislamu wa Tabora mjini, Mzee Shabani, mshika bendera wa stesheni, mtu wa taratibu na maneno machache. Mama mkubwa alipofika akapiga magoti kwenye kokoto za reli, anamlilia Mungu kwamba amemwacha, Mzee Shabani akamshika mkono.

"Mama, nyanyuka. Nani aliyechukuliwa?"

"Yeremia! Na nyumba yake yote!"

"Yeremia nimemwona mwenyewe alfajiri. Amepanda treni na mkewe na watoto, daraja la tatu. Wanakwenda Urambo, kuna ndugu yake analima tumbaku. Aliniomba nisiseme."

Yule mwinjilisti alikuwa na njaa, basi. Hakuweka kitu, hakuweza kuomba kwa watu aliowacheka, akaacha koti lake asitambulike, akaondoka giza halijapasuka. Siku hizi namhurumia. Siku ile hakuna aliyemhurumia. Pale stesheni watu walishika mbavu kwa kicheko. "Tabitha! Kumbe Yesu siku hizi anashukia stesheni!" "Mama, na wewe kimbia, treni ya mizigo inakuja jioni!" Baba mkubwa alikuwepo, anasikia yote, mke wake mwenyewe ametangaza mbele ya dunia kwamba wa Kabla ndio waliokuwa sawa. Mzee Shabani aliwakemea watu, ila kicheko kikishatoka hukirudishi.

Mimi huku nyumbani najua nini? Nimefika na kikapu, nimemwambia mama habari. Hakunipiga wala hakubisha. Alimlaza Neema kwenye mkeka, akatazama juu muda mrefu, akasema polepole, "Basi mimi kosa langu lilikuwa lipi?" Akaanza kujihesabia, moja moja, mambo madogo madogo: chumvi aliyoazima asirudishe, siku aliyomtukana mama mkwe kimoyomoyo. Kumsikia mama yangu anatafuta dhambi ya kutosha ya kuachwa nayo, sikupaswa kusikia mimi. Samweli akalia njaa. Ndipo mama akachukua kijinga cha moto kwa jirani, akawasha moto, akaweka sufuria, maana kama dhiki ndiyo imeanza basi watoto wale.

Michembe ilipoanza kutoa ile harufu, mama mkubwa akatokea mlangoni. Nywele zina vumbi la reli. Nyuma yake watu, maana watu wanapenda kufuata.

"Debora, umemtuma mtoto anifanye kichekesho."

"Dada, kichekesho gani? Si Yeremia..."

"Yeremia yuko kwenye treni! Na wewe ulijua! Mlipanga, ili nifungue kihenge!"

Mama akanitazama mimi. Sikujua uso niufiche wapi. Nilisema, "Koti lilikuwepo," na wale watu wa mlangoni wakapasuka kucheka.

"Nataka posho yangu," mama mkubwa akasema. Nadhani kama wasingekuwepo wale watu asingesema. Nadhani alitaka mama akatae, agombane naye, watukanane kama madada, yaishe. Lakini mama yangu hakuwa mgomvi. Alichukua kikapu chenye michembe iliyobaki, akakiweka mbele ya dada yake. Kisha akachukua upawa, akafunua sufuria, akaanza kuteka ile iliyoiva nusu, upawa baada ya upawa, anairudisha kikapuni. Maji ya moto yanachuruzika, yanapita kwenye nyuzi za kikapu, yanamwangukia mama mkubwa miguuni. Mama mkubwa hakuondoa miguu. Samweli alikuwa ameshika sahani. Hakuna aliyecheka tena. Mmoja mmoja wale watu wakaondoka, na mama mkubwa akakibeba kikapu kikiwa kinadondosha maji mpaka kwake, mstari wa matone ukabaki kwenye vumbi katikati ya mihogo.

Jioni Mzee Shabani alikuja na mchele kidogo ndani ya leso. Hakuingia ndani. Alisema, "Mama, hawa ni watoto," akaweka, akaenda. Mama alilia alipouona ule mchele, akasema, "Ametulisha mtu wa msikiti, na sisi tuna kanisa."

Mchele uliisha upesi. Miguu ya Neema ilikuwa ukiibonyeza shimo linabaki. Ndipo baba mkubwa akaja, akakaa kwenye kigoda, heshima zote. Mimi nilikuwa pale, nasafisha majani.

"Shemeji," akasema, "Yeremia ameondoka, wa Kabla waliobaki wanakutazama wewe. Ukisimama Jumapili ukasema kanisa litapita katika dhiki, ugomvi umekwisha."

"Na nisiposema?"

"Mimi sikulazimishi. Lakini kile kihenge si changu, ni posho ya wenye imani hiyo. Nikikupa hivi hivi watasema nakupendelea kwa kuwa ni shemeji."

Mama akauliza, "Nikisema, watoto watakula siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

Jumapili akasimama. Alivaa khanga yake nzuri. Wa Baada wamekaa mbele, wachache wa Kabla ukutani. Mimi nilidhani atasema kwa sauti ndogo, lakini alisema wazi kabisa, kila neno, kama anayesoma: "Nilikosea. Hatutanyakuliwa kabla. Kanisa litapita katika dhiki." Kanisa lote likaitika amina, wengine wakapiga makofi. Mama mkubwa Tabitha, ambaye neno hilo lilikuwa lake siku zote, hakuitika. Alikuwa anatazama sakafu ya tope.

Kikapu kililetwa kwetu mchana, kimejaa. Mama akapika. Hapa ndipo harufu ya yule dada wa Kitete inaponikuta kila asubuhi, nyie wenzangu. Kwa sababu ilikuwa tamu. Nilikuwa nimemsikia mama yangu akisema kwa mdomo wake jambo asiloliamini, ndani ya nyumba ya Mungu, nilijua haliamini, alikuwa amenifundisha mwenyewe kwamba uongo wa kanisani ni mbaya kuliko wote. Na nilikula, nikalamba vidole, nikamwambia, "Mama, niongeze." Akaniongeza. Na yeye alikula, hakujifanya kususa. Tulikula wote tumeinamia sahani bila kutazamana.

Neema alipona. Anaishi mpaka leo, ana ubishi sana, habari hii haijui.

Jumapili iliyofuata mama hakukaa mahali pake. Alikwenda kukaa benchi la nyuma, lile la waliotengwa, ambapo alikaa mtu aliyezini au aliyelewa mpaka atubu. Hakuna aliyemtenga. Baba mkubwa alimwambia mbele ya watu, "Debora, njoo mbele, wewe huna kesi." Mama akajibu, "Ninayo." Basi. Akakaa hapo. Meza ya Bwana ikifika, kikombe kinapita, yeye anatikisa kichwa. Mvua zikarudi, watu wakavuna, mchungaji akaja akasema mambo ya kabla na baada tumwachie Mungu mwenyewe, watu wakasema amina kwa hilo pia, wakasahau. Mama alibaki benchi la nyuma. Watoto wenzangu waliniuliza mama yako amelewa nini, na mimi nikawa nakaa mbele kabisa nisionekane kwamba ni wake.

Yeye na mama mkubwa walikuwa hawasemezani. Salamu ya asubuhi ya kwetu tu, "Mwangaluka," na jibu lake.

Halafu ikawa Jumapili moja ya meza ya Bwana. Mama mkubwa Tabitha akaingia amechelewa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Watu wa mbele wakasogea kumpa nafasi. Yeye hakufika mbele. Alikunja kulia, akaenda kukaa benchi la nyuma ubavuni mwa mdogo wake. Benchi lenyewe fupi, ilibidi mama asogee. Alisogea. Hawakushikana mikono wala hawakulia, msinitilie maneno.

Kikombe kikaanza kuzunguka, chai yetu nyekundu ya rozela ndiyo ilikuwa divai. Baba mkubwa ndiye aliyekishika. Akafika nyuma, akakipitisha mbele ya mama kwa haraka kama alivyozoea, akakisimamisha mbele ya mke wake.

"Tabitha, pokea."

"Pitisha, baba."

"Tabitha," akanong'ona, na kanisa zima lilisikia, "watu wanatazama."

"Wamezoea kututazama," mama mkubwa akasema. "Pitisha."

Mtoto hakuruhusiwa kugeuka nyuma ibadani, lakini mimi niligeuka. Walikuwa wamekaa wanatazama mbele wote wawili, nyuso zinazofanana, na baba mkubwa amesimama na kile kikombe hajui akipeleke wapi. Hakukuwa na benchi jingine nyuma ya lile.